Je, wajua ni nani aliyelipwa fidia utumwa ulipokomeshwa Mombasa?

Aliyelipwa ni bwana. Mwaka 1907 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilipotunga sheria ya kufuta utumwa katika ukanda wa Pwani, aliyepewa nafasi ya kudai hasara ni mwenye watumwa. Aliyelima na kuvuna bila ujira aliambiwa yuko huru, basi.

Sababu yake ni kwamba sheria ilimhesabu mtumwa kuwa mali, na serikali ikichukua mali ya mtu humlipa. Waingereza walikuwa wameshafanya hivyo kwingine: sheria yao ya 1833 iliwatengea wenye watumwa, hasa wa Karibiani, pauni milioni 20, na deni lililotokana na mkopo wa kuwalipa lilimalizwa mwaka 2015. Haiti ilifika mbali zaidi. Watu waliojikomboa kwa vita walitakiwa na Ufaransa, mwaka 1825, walipe faranga milioni 150 kwa kuwa wamejikomboa! Baadaye zilipunguzwa kuwa milioni 90, lakini mikopo yake iliwaandama hadi 1947.

Sasa tuseme leo twataka kuligeuza deni limwelekee anayestahili. Twahesabuje? Njia ya kawaida ni kukadiria ujira ambao haukulipwa, kisha kuongeza riba ya miaka yote iliyopita. Hapo ndipo penye mtego. Shilingi 100 zikizaa riba ya asilimia 3 kwa mwaka, riba juu ya riba, baada ya miaka 100 zinakuwa takriban 1,920. Kwa asilimia 5 zinapita 13,000. Dhuluma ni ile ile, ila hesabu moja ni karibu mara saba ya nyingine. Kwa hiyo ukisikia mtu ametaja matrilioni, muulize kwanza ametumia riba gani.

Swali la nani alipe ni zito zaidi, na hapa Pwani tunalizungukazunguka. Wenye mashamba wengi walikuwa Waarabu na Waswahili wa papa hapa. Leo wajukuu wa bwana na wajukuu wa mtumwa wanaswali msikiti mmoja, wameoana, na wengi wana damu ya pande zote mbili. Kumtafuta mdaiwa nyumba kwa nyumba ni kuchimba fitina. Serikali ndiyo inayodaika, kwa kuwa inadumu hata viongozi wakifa, na kumbukumbu zake zipo.

Hata hivyo mahakama hupenda mdai aliye hai. Wazee waliofungwa na kuteswa wakati wa Mau Mau walifanikiwa kwa sababu walisimama wenyewe mbele ya majaji mjini London. Mwaka 2013 Uingereza ikakubali kutoa pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa watu 5,228. Mfalme Charles alipozuru Kenya mwaka 2023, Mombasa ikiwemo, alieleza majuto makubwa kwa maovu ya ukoloni, lakini hakuomba radhi rasmi. Manung'uniko ya aliyeachwa huru 1907 hayana shahidi aliye hai.

Kwa maoni yangu, Pwani dai lenye miguu ni la ardhi. Mwaka 1908, mwaka mmoja tu baada ya mabwana kufunguliwa mlango wa fidia, ilikuja sheria ya hatimiliki iliyotaka kila mwenye dai la ardhi alilete na kulithibitisha. Mwenye karatasi au wa kumshuhudia alipata. Aliyetoka utumwani, na Mijikenda wengi waliokuwa wakilima kwa desturi, walibaki kwenye ardhi iliyoandikwa jina la mtu mwingine au la serikali. Ndio chanzo kimoja cha maskwota tulio nao hadi leo: mtu ana nyumba na minazi aliyoipanda babu yake, lakini hana hati ya kupelekea benki.

Katiba ya 2010 iliipa Tume ya Taifa ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhuluma za kihistoria za ardhi. Sheria inahesabu zile zilizotokea kuanzia tarehe 15 Juni 1895 hadi 27 Agosti 2010, kwa hiyo yaliyofanyika 1908 yamo ndani. Marekebisho ya 2016 yakaweka muda wa kuwasilisha madai: miaka mitano.