Eneo la usalama mwishoni mwa njia ya ndege: maana yake, na kinachoguswa likipanuliwa

Eneo la usalama mwishoni mwa njia ya kurukia ni ardhi tupu, iliyosawazishwa na kushindiliwa, inayowekwa kwa ajili ya ndege iliyoshindwa kusimama kwa wakati au iliyogusa chini kabla ya kufika lami. Ndege ikitoka njiani, isikute shimo, ukuta wala nyumba ya mtu.

Kwa njia za mita 1,200 na zaidi, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka kwanza ukanda wa mita 60 kupita mwisho wa lami, kisha eneo hili lisilopungua mita 90. Linalopendekezwa ni mita 240. Upana nao usiwe chini ya mara mbili ya njia yenyewe. Kwa njia yenye upana wa mita 45, eneo la mita 240 linafika ekari tano na ushei, upande mmoja tu.

Ekari hizo zina sababu. Agosti 2005 ndege ya Air France ilipitiliza njia mjini Toronto, ikatumbukia korongoni na kuungua. Watu wote 309 walitoka hai, lakini korongo lile halikupaswa kuwa pale.

Sasa tuje kwetu Zanzibar. Katikati ya Pemba, ulipo uwanja wa Wawi nje ya Chake Chake, nchi ni vilima na mabonde. Ukitaka mita 240 tambarare katika nchi ya namna hiyo, ama ukate kilima ama ujaze bonde, na mabonde ya Pemba ndiyo yanayolimwa mpunga. Kifusi kikimwagwa juu, maji ya masika hutafuta njia nyingine. Shamba la chini ama linafurika ama linakauka. Mkarafuu ukikatwa, mche wa kuufidia utachukua miaka kadhaa kabla ya kuchumwa. Unguja tatizo ni jingine: jiwe la matumbawe linapitisha maji upesi, na mafuta yakimwagika juu yake hayana safari ndefu kufikia maji ya visima tunayokunywa.

Hata hatua ya kulinda mazingira yaweza kuleta hatari. Ukichimba bwawa la kukusanya maji ya mvua karibu na njia, umewaita yangeyange, na ndege hao wakiingia kwenye injini ni balaa. Heri mtaro unaokauka haraka.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe kabla ya ramani kukamilika, njia mbadala zikiwa bado mezani. Mojawapo ni kupunguza urefu wa njia unaotangazwa kwa marubani, ili kipande cha lami iliyopo kiwe ndilo eneo la usalama. Hakuna mti unaokatwa, ila ndege kubwa huenda zikalazimika kupunguza mzigo. Nyingine ni kutandika vitalu vya zege jepesi linalopondeka chini ya magurudumu na kuikamata ndege katika nafasi fupi. Ni ghali, na vikishapondwa sharti vibadilishwe.

Zanzibar ina Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2015 na mamlaka yake, ZEMA. Mradi wa aina hii ukiletwa kwenye shehia yenu, mwombeni sheha ramani ya mitaro, na muulize maji yatatokea shamba la nani.