Saa inasema kilomita 10, simu inasema 9.85

Dada mmoja wa kikundi chetu cha jogingi hapa Dar es Salaam alinitumia picha mbili za mbio moja. Saa yake ilionyesha kilomita 10.00, dakika 60:00, kasi ya 6:00 kwa kilomita. Strava, programu ya kurekodi mbio, kwenye simu ilionyesha kilomita 9.85 na kasi ya 5:56. "Kaka, niamini ipi?"

Tazama vizuri namba hizo. Programu imempunguzia umbali na papo hapo imemwongezea kasi. Ukigawa dakika 60 kwa 9.85 unapata 6:05, wala si 5:56. Maana yake vimeguswa vitu viwili, umbali na muda, na kila kimoja kina sababu yake.

Muda ni rahisi. Saa yake ilihesabu tangu alipobonyeza kuanza mpaka alipobonyeza kumaliza, kwa sababu hakuwasha ile sehemu ya kujisimamisha yenyewe. Strava ilipopokea mbio hizo ikatafuta mahali ambapo hakusogea, ikapaondoa. Alisimama kwenye taa za barabarani kama dakika moja na nusu. Basi 58:30 kwa kilomita 9.85 ndiyo hiyo 5:56. Ukiziwekea mbio zako alama ya mashindano, Strava hutumia muda wote, na ndivyo inavyopaswa kuwa: siku ya mashindano hakuna anayekutolea dakika ulizosimama kunywa maji.

Umbali ndio wenye mambo. Mimi ni mpima ardhi, vipokezi vya satelaiti ndiyo zana zangu za kazi, na jambo ninalotamani kila mkimbiaji alijue ni hili: GPS haipimi umbali uliokimbia. Inakadiria mahali ulipo, kisha inakadiria tena, na umbali hupatikana kwa kuunganisha nukta hizo. Satelaiti ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na mawimbi yake husafiri karibu kilomita 300,000 kwa sekunde. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni mita 300. Ukipita Posta katikati ya maghorofa, wimbi hugonga ukuta kwanza, linachelewa kidogo, na saa inakuweka ng'ambo ya barabara. Mstari unayumba, na mstari unaoyumba ni mrefu kuliko ulionyooka. Ukifika Daraja la Tanzanite, anga liko wazi, mstari unatulia.

Sasa, kwa nini dada yule alipunguziwa badala ya kuongezewa? Saa nyingi hujumlisha umbali zenyewe wakati unakimbia, nyingine zikisaidiwa na kihisi cha mwendo wa mkono, na jumla hiyo huandikwa ndani ya faili. Faili la aina ya FIT au TCX huibeba. Faili la kawaida la aina ya GPX halina nafasi yake. Lina nukta tu, na anayelipokea hujumlisha upya. Kama saa imeandika nukta chache ili kuokoa nafasi, kila kona inakatwa. Yeye alikuwa anapitisha mbio zake kwenye programu ya kati iliyotoa GPX. Tulipounganisha saa na Strava moja kwa moja, umbali ukalingana. Kwa hiyo kabla ya kuilaumu saa, uliza data imepita wapi.

Kuna lalamiko moja linaloniumiza kila msimu wa marathoni: "Waandaaji wametuongezea njia, saa yangu imesoma 42.6!" Njia iliyopimwa rasmi hupimwa kwa baiskeli yenye kaunta ya Jones, kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu, ikifuata mstari mfupi kuliko yote, sentimita 30 kutoka ukingo wa barabara. Halafu huongezwa mita moja kwa kila kilomita ili isije ikapungua. Kwa marathoni, yenye kilomita 42.195, ni kama mita 42. Wewe umekimbia ukipita watu kwa nje, umeingia mezani kuchukua maji, kona umezizunguka kwa upana, na GPS imeongeza kuyumba kwake. Kusoma 42.5 au 42.6 ni kawaida kabisa, na baiskeli ile ni sahihi kuliko chochote ulichovaa mkononi.

Hapa mtu hupoteza lengo lake. Kumaliza kilomita 42.195 kwa muda wa saa nne ni kasi ya 5:41. Lakini kama saa yako itasoma 42.6 kwenye mstari wa mwisho, ukishikilia 5:41 utachelewa kwa zaidi ya dakika mbili. Inabidi saa ikuonyeshe 5:38. Ninaowafundisha nawaambia wazime mgawanyo wa kilomita unaojihesabu wenyewe, wabonyeze kitufe cha mzunguko (lap) kwa mkono kila wanapopita kibao cha kilomita barabarani, wasome muda tu.