Nyenzo chotara na sumaku inayoamka kwenye baridi kali

Mkulima akitaja mbegu chotara anaeleweka: wazazi wawili tofauti, mmea mmoja. Wakemia nao wana nyenzo chotara. Mzazi mmoja ni metali, kwa mfano shaba iliyoshikana na klorini. Wa pili ni molekuli za kaboni na haidrojeni. Hawakukorogwa pamoja kama mchanga na saruji, bali wamepangwa ndani ya fuwele moja, atomu kwa atomu.

Mfano ninaoupenda ni huu. Yeyusha kloridi ya shaba na kloridi ya ethilamoniamu (chumvi yenye mnyororo mfupi wa kaboni mbili) kwenye maji au spiriti, kisha acha kimiminika kikauke polepole. Chini ya chombo utakuta vigamba vya manjano, vyembamba, vinavyong'aa. Muundo wake ni wa chapati iliyosukumwa vizuri: tabaka la shaba na klorini, juu yake minyororo mifupi ya kaboni ikikaa mahali pa mafuta, halafu shaba tena. Kutoka tabaka moja la shaba hadi lingine ni takribani nanomita 1, yaani sehemu moja ya milioni ya milimita. Ndani ya tabaka, shaba na jirani yake wameachana nusu ya hapo.

Kila atomu ya shaba hapa ina elektroni moja isiyo na mwenzake, na elektroni hiyo ni kisumaku kidogo. Kwenye joto la kawaida visumaku hivyo vinatikiswa mno, kila kimoja kinaelekea kwake. Sogeza sumaku uliyoichomoa kwenye spika mbovu: hutaona kigamba kikijongea.

Sasa kipoze kwa heli ya kimiminika, ambayo huchemka kwenye kelvini 4.2 (kelvini huhesabiwa kuanzia sifuri kamili, baridi ya mwisho kabisa). Kadiri joto linavyoshuka, majirani wa tabaka moja, wanaowasiliana kupitia klorini iliyo kati yao, huanza kuelekea upande mmoja. Ifikapo kelvini 10.2, yaani karibu nyuzi 263 za Selsiasi chini ya sifuri, mpangilio unashika fuwele nzima. Chuma cha kawaida hushikilia mpangilio wake hadi nyuzi 770 juu ya sifuri, kwa sababu atomu zake zinashikana kwa nguvu kubwa zaidi. Shaba yetu ina mshikamano mdogo, hivyo joto dogo tu linatosha kuuvunja.

Lakini hata hapo ukipima kipande kizima bila uga wa sumaku kutoka nje, usumaku wake ni kama haupo. Kila tabaka ni sumaku kamili, ila tabaka linalofuata limeelekea kinyume chake, na nguvu zao zinafutana. Kiungo kati ya matabaka ni dhaifu karibu mara elfu kuliko kile cha ndani ya tabaka, kwa hiyo uga mdogo tu wa sumaku unayageuza yote yaelekee upande mmoja.

Udhaifu huo ndio uliowavutia wanafizikia wa Uholanzi tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1966 wanafizikia Mermin na Wagner walithibitisha kihesabu kwamba tabaka moja lililo peke yake, lenye visumaku vilivyo huru kuelekea popote, haliwezi kujipanga lote kwenye joto lolote lililo juu ya sifuri kamili. Fuwele hizi zilileta tabaka la karibu namna hiyo hadi maabara. Ukirefusha mnyororo kutoka kaboni 1 hadi 10, matabaka yanazidi kuachana, na bado joto la kujipanga linabaki kati ya kelvini 7 na 10 hivi. Sehemu ya kaboni haina usumaku wake, lakini ndiyo inayoamua matabaka yakae mbali kiasi gani.