Mianzo 11 ya mzee wa meli

Alikuja Jumamosi na daftari la kurasa 96, lile la kawaida la dukani, amelifunga kwa mpira. Akaliweka mezani kama mtu aliyeleta redio kwa fundi. "Japuonj," akaniambia, yaani mwalimu kwa Kijaluo, "hii kitu imekataa kuwaka."

Siku za juma mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule ya upili hapa Kisumu. Wikendi nahariri maandishi ya watu: wasifu, tasnifu, hotuba za mazishi, barua za kuomba kazi. Mzee huyu alikuwa mtu wa injini kwenye meli zilizobeba mabehewa ya treni kutoka bandari yetu kwenda Mwanza na Port Bell. Wajukuu wanamsumbua aandike. Naye anataka, ila kila akikaa chini, kalamu inagoma.

Nilifungua daftari nikakuta mianzo 11. Kila mmoja una ukurasa wake, na kila mmoja umepigwa mstari wa kuufuta. Yote ilibeba mwaka uleule. "Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wakati huo ikiitwa Port Florence." "Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika ukingoni mwa ziwa mwaka 1901." Yote kweli tupu. Lakini mwaka 1901 mzee huyu hakuwa hata ndoto. Alikuwa anasimulia mambo ambayo yeye mwenyewe alisimuliwa, ndiyo maana alikuwa akiishiwa baada ya mistari minne.

Nikafunga daftari, nikamwuliza kuhusu safari yake ya kwanza. Akacheka mpaka chai ikamwagika. Walikuwa katikati ya ziwa, usiku, mawimbi yakaanza. Akatapika ndani ya kofia yake ya kazi, maana sakafu alikuwa ameipiga deki mwenyewe jioni ile na aliona uchungu kuichafua. Mkubwa wake akampa kipande cha ndimu anyonye na spana ashike, akamwambia mikono ikipata kazi tumbo hutulia.

"Mzee, andika kofia," nikamwambia.

"Kofia? Nianze na matapishi? Wajukuu watasema nini?"

"Watasoma."

Wanaokwama kwenye mwanzo huja kwangu wakijiita wavivu. Sikubali. Mvivu hapigi mstari mianzo 11. Tatizo lao ni kutaka sentensi itakayosomwa kwanza iwe ndiyo inayoandikwa kwanza, ilhali hizo ni foleni mbili tofauti. Fundi hapachiki mlango kabla ukuta wa kuushika haujasimama. Aya ya kwanza inapaswa kumwonyesha msomaji anakoelekea, na wewe hujui bado unakompeleka, kwa sababu hujaandika. Basi unajaza pengo kwa chochote kilicho salama: historia ya reli, maana ya neno fulani kwa mujibu wa kamusi, "tangu jadi binadamu amekuwa..."

Na sisi walimu tuna mkono katika hili, tena mkono mrefu. Nani hapa Kenya hakukaririshwa? Majogoo waliwika. Nilirauka alfajiri ya Mungu. Nikapiga mswaki, nikaoga, nikapata staftahi ya kukata na shoka. Nimesahihisha visa vya wizi wa benki ambamo jambazi anatokea ukurasa wa pili kwa kuwa ukurasa wa kwanza wote shujaa yuko bafuni. Katika KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi uliofanywa mara ya mwisho mwaka 2023, mtoto alikuwa na dakika 40 za insha. Nyingi ya hizo zilipotelea kwenye miale ya jua. Alijifunza kwamba mwanzo ni pambo la kukariri. Leo mtoto huyohuyo ni mtu mzima, yuko ofisini, anatakiwa kuandika ripoti ya mradi wa maji. Majogoo hawana nafasi pale, na mwanzo wa namna nyingine hakuwahi kufundishwa.

(Wanafunzi wangu wa kidato cha nne wasinielewe vibaya. Katika karatasi ya 102/1, ile ya insha katika mtihani wa Kiswahili wa kumaliza sekondari, una insha mbili kwa saa moja na dakika 45, huna muda wa kuzungukazunguka. Kwa insha ya methali, tafuta kwanza tukio la mwisho, lile linalothibitisha methali, uliandike pembeni kwa maneno sita. Ukishajua mchovya asali atanaswa wapi, hutapata shida ya kujua aanzie wapi.)

Kwa wasio na msimamizi anayetazama saa, dawa ninayoiamini kuliko zote ni mdomo. Mwaka jana kiongozi wa chama cha akina mama wauza omena (dagaa) alitaka kuandika ombi la fedha za vikaushio vya jua. Wiki mbili alikuwa na "Sisi kama kikundi tunayo furaha" na hakuna kingine. Nikamwambia, "Mama, chukua simu, rekodi kana kwamba unamtumia dada yako ujumbe wa sauti, umweleze kwa nini hela zinapotea." Alizungumza dakika saba. Nilisikiliza nikisubiri pale sauti inapopanda, na ilipanda kwenye dakika ya nne: "Omena ikinyeshewa siku mbili, tunaiuza kwa bei ya chakula cha kuku." Tukaitoa pale, tukaiweka juu kabisa. Ombi lote lililobaki lilikuwa kueleza sentensi hiyo.

Asiyependa kujirekodi, na ninyi ni wengi, aweke saa dakika kumi aandike bila kuinua kalamu wala kurudi nyuma kufuta. Ukikosa la kusema, andika "sina la kusema" mpaka uchoke nalo. Kutunga na kusahihisha ni kazi mbili. Ukizifanya kwa pamoja, msahihishaji hushinda kila mara, kwa sababu sentensi iliyo peke yake kwenye ukurasa huonekana mbaya hata ikiwa nzuri. Haina wenzake wa kuitetea. Ndani ya dakika kumi hizo utapata takataka nyingi na pengine mistari miwili ya kuhifadhi. Mistari miwili inatosha.

Halafu tumia karatasi mbovu. Nasema kwa dhati. Daftari zuri lenye jalada gumu, lile ulilopewa zawadi, linatisha. Mimi huandikia nyuma ya karatasi za mitihani iliyopita. Na jioni usimalize wazo, acha sentensi katikati, kesho utakuta mlango uko wazi.

Mzee amefika ukurasa wa 58. Ameanza na kofia, ingawa neno "kutapika" alilibadilisha mara tatu kabla ya kulirudisha. Ile 1901 iko ukurasa wa 23, pale anapomweleza mjukuu kwa nini babu mzaa baba wa mzee mwenyewe aliuza ng'ombe akahamia karibu na stesheni. Imekaa mistari miwili tu. Juzi alinipigia kuuliza kama ndimu inahitaji sura yake.