Parishi ya kijijini England ni kitu gani hasa? Tuiangalie Dent

Watu wengi wakisikia parishi wanawaza padre na kengele, na kweli zamani ilikuwa hivyo, kanisa ndilo lilishughulika hadi na kulisha maskini, ila England sheria ya 1894 ikaanzisha mabaraza ya parishi yasiyo ya kanisa na leo kuna parishi za aina mbili, ya kanisa na ya serikali, na mipaka yao si lazima ifanane. Hapa naongelea ya serikali, ambayo ndo ngazi ya chini kabisa ya utawala, chini ya halmashauri.

Chukua Dent, kaskazini mwa England. Parishi yenyewe ni bonde la mto Dee, Dentdale, kijiji kimoja chenye njia nyembamba za mawe na vitongoji kama Gawthrop na Cowgill, halafu mashamba ya kondoo mpaka juu milimani. Mwanajiolojia Adam Sedgwick alizaliwa hapo 1785. Bonde halijasogea hata hatua moja lakini kiutawala limezungushwa kweli: hadi 1974 lilikuwa mkoa wa Yorkshire, likapelekwa mkoa wa Cumbria, na tangu Aprili 2023 liko chini ya halmashauri ya Westmorland and Furness. Na bado limo ndani ya hifadhi ya taifa ya Yorkshire Dales! Kwa hiyo ukitaka kibali cha kujenga unaenda kwa mamlaka ya hifadhi, barabara ni ya halmashauri, baraza la parishi linatoa maoni tu.

Sasa baraza lenyewe lina kazi gani? Mambo madogo madogo, mabenchi, makaburi, viwanja vya watoto, vibanda vya kusubiria basi, inategemea na parishi. Madiwani wake kwa kawaida hawalipwi, anayelipwa ni karani, na hela inatoka kwenye kiasi kidogo kinachoongezwa juu ya kodi ambayo kila nyumba inailipa halmashauri. Parishi yenye watu wachache sana haina hata baraza, wapiga kura wanakutana wenyewe wanaamua.

Kwenye usafiri ndo kuna kichekesho. Dent ina stesheni ya treni, iko mita 350 hivi juu ya usawa wa bahari na ndiyo ya juu kuliko zote kwenye reli kuu za England, ila kutoka stesheni hadi kijijini ni zaidi ya kilomita 6, na kijiji kiko bondeni huko chini. Kampuni ya reli ya Midland, iliyoijenga reli hiyo, ilikuwa inataka njia ya haraka ya kwenda Scotland, treni za mvuke haziwezi mwinuko mkali, basi reli ikabaki ubavuni mwa mlima na wanakijiji wakajijua wenyewe. Stesheni ilifungwa 1970 ikafunguliwa tena 1986. Kwa hiyo kama unaenda panga taksi kabla hujapanda treni, maana ukishuka pale hukuti bodaboda inakusubiri.