“Fundi, nimeshatia fosfeti, mafuta ya nini tena?”

Bawaba za geti zimerudi kwangu zina kutu ya rangi ya chungwa pembezoni. Mwenye nazo anaishi karibu na bahari, ana karakana ndogo uani, amejifunza mwenyewe kuchemsha chuma kwenye fosfeti, dawa ya asidi inayokiotesha chuma ngozi ya kijivu, na kwa kweli kazi yake si mbaya: kijivu kimelala sawasawa, hakuna mabaka. Nikamuuliza alizitia mafuta gani. Jibu likawa lile lile ninalolisikia kwa kila anayeanza kazi hii: “Si nimeshatia fosfeti, fundi? Mafuta ya nini tena?”

Nimechoka kulijibu swali hili kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiyo leo nalijibu kwa wote.

“Fosfeti inazuia kutu”

Peke yake, haizuii. Inaichelewesha kidogo tu, na kwenye hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja hicho kidogo hakikufikishi mbali.

Angalia kinachotokea ndani ya beseni. Umezamisha chuma kwenye maji ya moto yenye asidi ya fosforiki na chumvi za manganizi au zinki. Asidi inaanza kula uso wa chuma, viputo vya haidrojeni vinapanda, na pale pale kwenye uso huo ukali wa asidi unapungua. Ukali ukipungua, fosfeti haiwezi tena kubaki imeyeyuka, inaganda na kuwa fuwele, punje ndogo kama za chumvi, zilizoota kwenye chuma chenyewe. Ndiyo maana huwezi kuibandua kwa ukucha kama rangi. Lakini fuwele hizo zimesongamana ubavu kwa ubavu na kati yake zimeacha nafasi. Safu nzito ya manganizi huwa na unene wa maikroni 5 hadi 15 hivi (maikroni ni milimita moja ukiigawa mara elfu), na ndani yake kuna vinjia vingi vinavyoshuka hadi kwenye chuma kitupu. Ni mtungi wa udongo: ukiugonga ni mgumu, ila maji yanapenya na nje unatoka jasho. Sasa weka unyevu wenye chumvi badala ya maji ya kunywa, uone huko chini panakuwaje.

Vinjia hivyo hivyo ndivyo vinavyoipa fosfeti thamani yake. Paka mafuta kwenye chuma kilichong'arishwa, kisha pitisha kidole: yamekwisha. Yapake kwenye fosfeti, yanazama na kukaa humo. Yaani fosfeti ni ghala ya mafuta, na wewe umejenga ghala ukaiacha tupu.

Usiponiamini mimi, chukua skrubu nyeusi za jipsamu zinazouzwa kila duka la vifaa. Nyingi weusi wake ni fosfeti. Ndani ya dari kavu zinakaa miaka. Zifunge bafuni au nje kwenye kenchi, na masika ya kwanza yakipita utaona ukutani michirizi ya kutu inayoanzia kwenye kila kichwa cha skrubu.

Na kwa wale wanaoniambia “mbona bunduki za jeshi zimefanywa hivyo hivyo na hazishiki kutu,” ni kweli, zimefanywa hivyo. Mwingereza Thomas Watts Coslett alipata hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mbinu ya namna hii mwaka 1906, na huko Marekani kampuni ya Parker iliyoanzishwa mwaka 1915 ndiyo iliyoisambaza hadi mbinu ikaitwa kwa jina lake, “Parkerizing”. Bunduki ya M1 waliyopigana nayo Wamarekani kwenye Vita Kuu ya Pili ilipakwa fosfeti ya kijivu. Sasa geuza bunduki hiyo uangalie kitako chake: nyuma kuna kilango kidogo cha chuma, na ndani kuna matundu ya kuwekea vifaa vya kusafishia pamoja na kichupa cha mafuta. Jeshi halikumchongea askari nafasi ya mafuta ndani ya mbao kwa sababu fosfeti ilikuwa inatosha.

Kutia mafuta kwenyewe si kazi. Kipande cha chuma kikitoka kwenye maji ya moto ya kusuuzia, kiache kikauke kwa joto lake, kisha kizamishe kwenye mafuta mepesi kingali moto. Kilaze humo usiku kucha. Kesho yake kichuruze, kifute, basi. Katikati ya hatua hizo usikiguse kwa mkono mtupu, maana jasho la vidole ni chumvi, na nimeona alama ya dole gumba imechorwa kwa kutu, mistari yote inaonekana, juu ya kazi iliyokuwa nzuri.

Halafu, tafadhali, si oili chafu. Najua ni ya bure na kila gereji inayo pipa. Oili iliyotoka kwenye injini imebeba masizi, maji na asidi zinazotokana na mwako. Umetumia saa nzima kukiondoa kipande kwenye asidi, halafu unakirudisha kwa hiari yako? Nunua oili mpya ya bei ya chini kabisa, nusu lita inatosha kazi nyingi.

Njia ya pili ni rangi badala ya mafuta. Badala ya, si pamoja na. Kuna wanaotia mafuta vizuri kabisa kisha wananiletea nipige rangi juu yake, na ikitoka magamba wanailaumu rangi. Ukitaka kupiga rangi, tumia fosfeti nyembamba ya zinki, kausha, piga praima, yaani rangi ya kwanza ya chini, mapema kabla unyevu haujaingia. Viwanda vingi vya magari hufanya hivyo: bodi hupita kwenye fosfeti ya zinki ndipo ipate praima. Safu nzito ya manganizi haifai hapo, inakunywa rangi bila kushiba na uso unabaki wa kukwaruza. Yenyewe mahali pake ni kwenye vitu vinavyosuguana, kama kamshafti ya injini na gia, ambako inashika oili wakati vyuma vipya vinazoeana.

“Si ni sawa na kuloweka kwenye Coca-Cola?”

Soda hiyo ina asidi ya fosforiki, sikatai, ila ni kidogo mno. Inalegeza kutu nyepesi ya bolti na kukuachia sukari ya kuosha. Dawa ya dukani ya kugeuza kutu nayo ni kitu kingine: inafanya kazi juu ya kutu na kuigeuza nyeusi, wakati beseni la fosfeti linahitaji chuma safi kisicho na kutu kabisa. Weusi ule si safu ya fuwele, hata ufanane vipi.

“Grisi kidogo si neno, asidi itaila”

Haitaila. Asidi haiondoi grisi. Palipo na grisi pataota baka, na ukirudia kuchemsha baka litabaki pale pale. Osha kwa sabuni kali, ondoa kutu kwa kupuliza mchanga au kwa msasa, osha tena. Kisha mwagia maji: yakitandaa kama pazia, endelea, yakijikusanya matone, rudi kuosha. Sehemu kubwa ya kazi hii iko hapa, na hapa ndipo kila mtu anaharakisha.

“Sufuria yoyote inafaa”

Sufuria zetu nyingi ni za alumini, na asidi inaila alumini. Ndoo ya bati nayo imepakwa zinki. Itachemka kwa fujo, itoe gesi na kukuharibia mchanganyiko wote. Tumia chombo cha stenlesi, na kisirudi jikoni tena. Stenlesi inafaa kwa sababu dawa haiishiki, na hilo linawajibu pia wanaoniletea vipande vya stenlesi wakitaka viwe vya kijivu. Haviwi. Shaba vilevile.

“Iache itokote ndiyo ishike vizuri”

Manganizi inataka nyuzi 90 hadi 95 hivi. Ikitokota, matope ya dawa yaliyotuama chini ya beseni yanapanda na kuganda juu ya kazi yako kama mchanga. Kipimajoto ndicho kifaa ambacho hakuna anayetaka kukinunua; watu watanunua glovu za bei kubwa wakadirie moto kwa macho. Wala usihesabu dakika za mtu mwingine. Tazama viputo: vikipungua sana, uso umeshafunikwa, toa.

“Springi nazo weka tu humo humo”

Usiweke. Haidrojeni ile inayotoka wakati asidi inakula chuma, sehemu yake inaingia ndani ya chuma chenyewe. Chuma laini hakijali. Chuma kigumu, kama springi na bolti za nguvu nyingi, kinakuwa rahisi kukatika ghafla, tena siku kadhaa baadaye ukiwa umeshaisahau kazi. Viwandani vipande hivyo huokwa kwa joto la chini kwa saa kadhaa ili haidrojeni itoke. Uani kwako viache nje ya beseni. Na kama springi hiyo ni ya bunduki, bunduki yenyewe isiguse beseni lako hata kidogo. Hapa Tanzania na hata Kenya silaha hushughulikiwa na fundi mwenye leseni, na mimi siye.

Mengine ni mafupi. Asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Fanyia nje, upepo ukiwa mgongoni. Dawa iliyochoka usiimwage mtaroni: itie magadi kidogo kidogo hadi povu likome, iache ituame. Hayo matope ya chini yakaushe, yafunge kwenye mfuko mgumu, uyaweke mbali na kisima na bustani ya mchicha.