Moshi wa bandari ya Dar na zile tozo unazolipa bila kujua

Ukimwambia mtu habari ya hewa chafu Dar atakutajia jalala linaloungua au daladala bovu pale Buguruni, bandari haiji kichwani kabisa. Mimi kazi yangu ni mambo ya hewa, na ninachotaka watu waelewe ni kwamba moshi wa bandari hauishii getini, unatoka na malori unapanda Mandela Road, Tazara, Buguruni, Ubungo mpaka Kimara huko, na ule wa meli upepo wa mchana unausukuma nchi kavu kwa watu wa Kurasini.

Tuanze na meli. Ukisimama feri pale Magogoni au ukipita Ocean Road unaziona zimetia nanga nje zinasubiri gati. Injini kubwa imezimwa ila jenereta haizimwi usiku na mchana, sababu meli inataka umeme wa taa, pampu, jiko na yale makontena ya baridi, na hata ikishafunga gatini bado jenereta inaunguruma. Sasa inachoma nini? Tangu Januari 2020 Shirika la Bahari Duniani, IMO, lilishusha kikomo cha salfa kwenye mafuta ya meli kutoka asilimia 3.5 hadi 0.5, na hiyo ni hatua kubwa kwelikweli, lakini dizeli ya gari kwa viwango vya Afrika Mashariki tangu 2015 ni sehemu 50 kwa milioni, yaani ukipiga hesabu meli bado inaruhusiwa salfa mara 100 ya dizeli unayojaza sheli. Ndo maana kila siku meli inayopunguziwa kukaa nangani ni moshi tuliookoa, na ile kazi ya TPA, mamlaka ya bandari, ya kuongeza kina gati namba 1 mpaka 7 kwa mkopo wa Benki ya Dunia mimi naihesabu kuwa kazi ya afya pia, ingawa watu waliiona ya biashara tu.

Kwenye malori ndo kuna shida inayotugusa moja kwa moja. Lori la transiti la kwenda Tunduma au Kigoma likikaa foleni na injini inanguruma linatoa moshi hewani kwenye usawa wa pua ya mtu aliyesimama kituoni, sio juu kama bomba la meli. Mwaka 2012 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani uliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kuleta saratani. Zile chembe zake ni ndogo kama mara 30 kuliko unene wa unywele, zinapita puani zinafika ndani kabisa ya mapafu na nyingine zinaingia kwenye damu, kwaiyo kile kitambaa cha kufunga mdomoni kinazuia kidogo tu.

Kama unakaa karibu na barabara ya malori jaribu hivi, pitisha kitambaa cheupe kilicho kikavu kwenye nondo za dirisha. Vumbi la udongo ni la kahawia na ukilipuliza linaruka, masizi ya dizeli ni meusi, yananata na ukiyasugua yanapakaa. Ukiona meusi hayo, kitanda cha mtoto kihamishie upande wa nyuma wa nyumba na dirisha la barabarani lifungwe saa za foleni.

Sasa hela. Kila lita ya petroli na dizeli ina tozo inayoingia Mfuko wa Barabara, na mizigo mingi inayoingizwa nchini kwa matumizi ya ndani inakatwa tozo ya maendeleo ya reli, ilianza 2015 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya mzigo pamoja na bima na usafiri, mzigo wa milioni 10 hapo ni laki na nusu. Hata wewe usiyeagiza kontena unailipa ukinunua sahani Kariakoo. Hela hiyo ya reli mimi naiunga mkono bila kusita, sababu SGR yetu, ile reli ya kisasa, ni ya umeme, na 2025 imeanza kubeba mizigo mpaka bandari kavu ya Kwala, kama kilomita 90 hivi kutoka bandarini. Kontena likipandia treni bandarini na lori la Congo likaishia Kwala bila kuingia mjini, hapo Mandela Road inapumua. Ndio, umeme wetu mwingine unatoka kwenye gesi, ila sasa tuna na bwawa la Nyerere la megawati 2,115, na mtambo wa gesi hauko mlangoni kwa mtu wa Buguruni.

Kinachonisumbua ni kwamba tozo zote hizi zinaangalia lita na thamani ya mzigo, hakuna inayoangalia moshi. Lori chakavu na lori jipya safi yakijaza lita sawa yanalipa sawa, halafu hela inaenda kuziba mashimo. Bandari za Los Angeles na Long Beach kule Marekani tangu Aprili 2022 zinatoza dola 10 kwa kila kontena la futi 20 lenye mzigo linaloingia au kutoka kwa lori, la futi 40 ni dola 20, lori lisilotoa moshi halitozwi, na hela inaenda kuwasaidia wenye malori kubadilisha magari. Sisi hatuhitaji kuiga kiwango chao, wenye malori wetu wengi wana gari moja au mbili na ukiwakandamiza nauli itapanda mpaka kwenye bei ya sukari, lakini hata sehemu ndogo ya tozo iliyopo ikitengwa kwa ajili ya kupima moshi na mikopo nafuu ya kubadilisha injini tutakuwa tumeanza.

Viwango vya tozo vinaguswa kwenye Sheria ya Fedha, Bunge linaipitisha kila Juni, na kabla ya hapo Kamati ya Bajeti inapokea maoni ya wadau kwa maandishi. Wenye malori na waagizaji huwa wanapeleka yao. Serikali za mitaa za Kurasini, Buguruni na Ubungo nazo ni wadau, zipeleke.